Kutoka Mlimba Hadi Ifakara: Kazi za Kompyuta na Vijana Wetu

Tulitoka Mlimba baada ya sala ya Alfajiri, nasi tuna jambo zito moyoni. Mzazi mmoja wa chuo chetu alikusudia kuuza shamba lake la mpunga ili mwanawe akasome kompyuta mjini, mahali palipoahidi cheti kwa miezi mitatu na kazi papo hapo. Alitutaka shauri, nasi hatukupenda kusema tusilolijua.

Gari lilipita Mngeta, milima ya Udzungwa mkono wa kushoto, mashamba ya mpunga mkono wa kulia. Tulikwenda Ifakara kwa kuwa kazi hizo zimekuwapo huko miaka mingi. Mwaka 1996 taasisi ijulikanayo leo kwa jina la Taasisi ya Afya ya Ifakara ilianza kufuatilia kaya za Kilombero na Ulanga: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kazi kama hiyo yataka watu wa daraja mbalimbali: apitaye nyumba kwa nyumba akiuliza, aingizaye habari katika kompyuta, atungaye programu ya kukagua makosa, na atunzaye hazina hiyo ili siri za watu zisivuje.

Basi tukafahamu kwamba milango ya kazi hizi ni mingi, na ufunguo wake ni hisabati. Wala elimu hiyo si ngeni kwetu Waislamu. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu ambacho kwacho aljebra ilipata jina. Na jina lake mwenyewe ndilo asili ya neno algorithimu, yaani mpangilio wa hatua ambao kompyuta huufuata. Kijana aliyezoezwa kuchunga kila irabu ya Kurani, ajuaye kuwa moja ikigeuka maana hugeuka, amekwisha kupata adabu ya kazi hii. Kwani tarakimu moja ikikosewa, mtoto aliye hai huweza kuandikwa maiti.

Tuliporudi tulimwambia mzazi: “Bwana, usiuze shamba. Mtoto amalize kidato cha nne, ashike hisabati na Kiingereza. Kisha, kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali lisimamialo vyuo vya ufundi.”

Mzee aliridhika. Kijana alinuna siku mbili. Ya tatu akatujia na daftari lake la hesabu.

Wazazi wenzetu, shamba likiuzwa halirudi upesi. Tuulize kwanza, ndipo tutoe.

Wabillahi tawfiq.