Mboni Kabla ya Matone

Chombo nilichokitumia kuliko vyote katika utumishi wangu ni tochi ndogo ya mfukoni. Mashine zilikuja baadaye; nyingine ziliharibika zikakaa zikisubiri fundi kutoka Dar es Salaam. Tochi ilidai betri tu. Nilianza nikiwa tabibu wa zahanati upande wa Matombo, nikaenda KCMC Moshi kusomea macho, kisha nikarudi Morogoro nikiwa daktari msaidizi wa macho.

Moshi walimu walitukazania jambo moja mpaka likatuchosha: angalia mboni kabla ya kutia matone. Matone ya kupanua mboni yakishaingia, ushahidi umefutika kwa saa kadhaa. Ikiwa ni atropini, hata kwa wiki nzima au zaidi. Na ushahidi wenyewe ni mwingi. Mwanga husafiri kwa neva ya jicho kwenda ubongoni. Amri ya kubana mboni hurudi kwa neva ya tatu ya ubongo. Amri ya kuipanua huteremka hadi kifuani, hupita karibu na ncha ya pafu, ndipo hupanda shingoni kurudi jichoni. Nimewahi kumpeleka mtu picha ya kifua kwa sababu tu mboni moja ilikuwa ndogo na kope ya upande huohuo imelegea.

Umuhimu wa somo hilo niliuona kwa wakulima wa Mgeta. Jioni moja ya masika, pikapu ya kabichi ilimleta kijana kutoka Nyandira, amefunikwa khanga mbili. Jasho lilimtiririka, mate yalimtoka, alitapika na hakujitambua vizuri. Faili lake lilikwisha kuandikwa malaria kali. Nikammulika: mboni zote mbili zilikuwa zimebana, zimebaki vitone ambavyo mwanga haukuvitikisa. Nikainama karibu na shati lake, nikasikia harufu ya dawa ya wadudu.

“Alikuwa shambani?” nikamuuliza nduguye.

“Ndiyo, dokta. Anapiga dawa nyanya tangu asubuhi. Pampu yenyewe inavuja mgongoni.”

Tulimvua nguo zote, tukamwosha kwa maji na sabuni, tukampa oksijeni, na atropini kwenye mshipa, dozi juu ya dozi. Hapo wauguzi wapya hukosea kwa urahisi, wakidhani dozi hupimwa kwa mboni. Mboni imekwisha kutaja sumu. Kiasi cha dawa huamuliwa na kifua. Tuliendelea mpaka mapafu yalipokauka na mapigo ya moyo yakapanda. Kesho yake aliomba uji.

Sumu ile ina undugu na dawa zetu za macho. Mwaka 1863 daktari Mskoti, Douglas Argyll Robertson, aliandika jinsi maharage ya Calabar, kutoka Afrika Magharibi, yanavyobana mboni. Maharage hayo huzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na dawa nyingi zinazopigwa kwenye nyanya na kabichi. Tangu kijana yule, kila nilipopanda Mgeta kwa huduma ya mkoba nilizungumzia miwani kidogo na pampu zinazovuja kwa kirefu. Niliwaeleza pia habari ya mnanaha, ambao hufanya kinyume: mtoto akila mbegu zake, mboni hupanuka, kinywa hukauka, akaanza kuweweseka, na wazazi wakaenda kutafuta mtu wa kupunga mapepo.

Mashariki mwa milima ya Uluguru, Kinole na Matombo, kazi yangu kubwa ilikuwa wazee wenye mtoto wa jicho. Huko mito hushuka kwa kasi, na kwenye maji yaendayo kasi ndiko usubi huzaliana. Ugonjwa wanaoueneza huwasha ngozi miaka mingi, na kwa wengine hufika nyuma ya jicho ukaua neva. Siku hizi unazuiwa kwa aivamektini, dawa ambayo kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure, na watu hugawiwa kijiji kwa kijiji. Lakini neva iliyokwisha kufa haifufuki. Tatizo langu lilikuwa hili: mtoto wa jicho akishakuwa mweupe, hamwachii daktari nafasi ya kuchungulia ndani. Nitajuaje kama nyuma yake kuna neva hai, au imeliwa na usubi au presha ya macho?

Mzee mmoja wa Kinole nilimketisha chumbani, nikaziba dirisha kwa khanga, nikamwambia atazame mbali. Nilimulika jicho la kulia kwa sekunde mbili tatu, nikahamia la kushoto, nikarudi. Kipimo hicho kilielezwa na daktari aitwaye Levatin mwaka 1959, nacho hakihitaji hata kiti maalumu. Jicho la kulia lilipopata mwanga, mboni ilibana. Nilipohamia la kushoto, mboni ilipanuka mbele ya tochi. Mtoto wa jicho peke yake, awe mweupe kiasi gani, hafanyi hivyo. Tena kwa jicho hilo mzee aliuona mwanga kwa mbali, asijue unatoka upande gani.

“Mzee wangu, tutapasua la kulia. La kushoto tutaliacha.”

“Kwa nini, mwanangu? Yote si meupe?”

“Kioo cha chemli kikishika masizi, unakisafisha. Utambi ukiwa umeungua wote, utasafisha kioo mpaka kesho, taa haitawaka.”

Alicheka. “Basi safisha penye utambi.”

Tungelipasua lile la kushoto, angerudi Kinole haoni, na wazee wenzake wasingekubali tena kuja hospitali.

Mboni ya mtoto ikionyesha weupe, hapo hakuna kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Huenda ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, ambaye asipotolewa mapema jicho halitajifunza kuona. Huenda ni saratani ya retina, na hiyo huua. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno. Kwa hiyo sikuzungumzia kutoa jicho kabla ya mjomba kuwasili.

“Mkilitoa, mtoto atabaki?” mjomba mmoja aliniuliza.

“Tukiwahi, tuna matumaini makubwa. Likiachwa, ugonjwa utafuata neva mpaka kichwani.”

Alinyamaza, akamtazama dada yake, kisha akauliza nauli ya Muhimbili ni kiasi gani. Mtoto huyo sasa yuko shuleni, ana jicho la bandia.

Mama yake alikuwa ameuona weupe huo muda mrefu kabla yangu, usiku akimnyonyesha kwa mwanga wa taa, na mahali fulani aliambiwa ni wasiwasi wake tu. Mchana, mboni ikiwa imebana, weupe ulijificha. Nikialikwa sasa kuzungumza na wauguzi wa kliniki za watoto, nawasihi hivi: mama akisema jicho la mwanawe linang'aa, mpeni rufaa siku hiyohiyo, hata kama ninyi hamjaona kitu.