Konyagi si maji, wacha kuificha kwenye chupa ya maji

Kila nikiposti video ya Tanga, inboksi inajaa swali moja: nitavukishaje chupa pale Lunga Lunga bila noma? Na kwenye komenti hakukosi mjuaji wa kujibu: mimina Konyagi kwenye chupa ya maji, nani atajua?

Mimi hiyo naipinga. Konyagi ni nyeupe kama maji na ina alkoholi asilimia 35. Sasa fikiria umefika Taru, jua linachoma, umetupa begi chini ukaenda kuoga. Nani wa kwanza kulifungua? Watoto. Na kwetu maji ni ya kupangia foleni na mitungi, kwa hivyo mtoto akiona chupa ya maji haulizi mara mbili. Mtoto wa jirani, miaka minne, alipiga mafunda mawili hivyo hivyo. Alibebwa kwa boda usiku, mwili umelegea kama kitambaa. Alipona, lakini mamake mpaka leo haongei na yule shemeji aliyeleta hiyo "maji".

Halafu kuna mambo ya sili. Mei 2014, watu wengi sana walikufa Embu, Kiambu na kwengineko kwa pombe yenye methanoli. Methanoli huwezi kuijua kwa kuonja wala kunusa. Ukishaivunja sili ukamimina kwenye chupa nyingine, unayemkaribisha anakunywa kwa imani tu. Bora chupa ibaki vile ilivyotoka dukani, na risiti yake.

Na cha kuchekesha ni kwamba huna sababu ya kuficha. Kama umetimiza miaka 18, forodha inakuruhusu pombe kali isiyozidi lita 1, au mvinyo usiozidi lita 2, bila ushuru. Ni "au", si vyote viwili. Chupa ya 750 na kidogo ya 250, umemaliza fungu lako. Ikizidi, sema mwenyewe, ulipe. Na isikupe wazo la biashara: haina stika ya KRA, ukiiuza hapa ni kesi.

Kufunga sasa. Chukua ndoo ndogo ya rangi yenye kifuniko, ile ya lita 4, ioshe vizuri. Zungushia chupa kanga mbili, isimamishe ndani, jaza soksi na fulana mpaka ukitikisa husikii kitu. Mfuko wa plastiki ungesaidia ikivuja, lakini hizo Kenya zilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, na askari wa mpakani wanalijua hilo kuliko wewe. Ndoo iweke miguuni mwako, si kwenye keria juu, maanake jua la huko na matuta haya, kizibo cha mvinyo kitaanza kupanda chenyewe. Na adabu jamani: matatu ya Kwale utakaa na bibi aliyetoka msikitini. Chupa zisigongane miguuni pake kama kengele.

Mnaoruka kutoka Dubai, begi la mkononi halipokei kimiminika cha zaidi ya mililita 100, isipokuwa ule mfuko wa diuti-frii uliofungwa, nao usiufungue njiani. Kinachozidi asilimia 70 hakipandi ndege hata kwenye begi kubwa.

Mnazi ndio tofauti. Huo ukiukaza kifuniko unajitafutia bomu, kwa sababu unaendelea kuchacha na kutoa gesi njia nzima. Wazee wetu wa Taru, ambako minazi haistawi, wanaupokea kutoka Rabai na Kaloleni kifuniko kikiwa kimelegezwa, na hakuna anayelalamika kiti kimelowa. Mjomba wangu anaunywa huo bila maswali. Lakini nikimletea Konyagi, kwanza anaipindua, anaikagua sili kwa kidole, ndipo anauliza habari za safari.