Maficho ya Pugu

Mtoto wa Kariakoo hujua kujificha. Mitaa yetu, kuanzia sokoni hata Gerezani na ukingo wa bandari, imejaa pembe na vichochoro. Lakini msitu una elimu yake, nami nusu ya elimu hiyo niliipata siku moja kwa khofu.

Kwa idhini ya walinzi niliwachukua wanafunzi wanane kwenye vilima vya Pugu, zaidi ya kilometa 20 kutoka bandarini, palipobaki kipande cha msitu wa kale wa pwani. Nilitaka wajue: mtu akipotea njia na jua likataka kutua, ajisitiri wapi?

Nikawaambia: Msilale katika mkondo wa kijito, hata ukiwa mkavu, kwani mvua inyeshapo kilimani maji huteremka ghafla. Tazameni juu, tawi kavu huanguka. Tazameni chini, kuna siafu na mashimo ya nyoka. Msiingie katika mapango yaliyochimbwa udongo mweupe. Humo mna popo, nao huweza kuchukua maradhi. Tafuteni mteremko mdogo, penye kichaka cha kuzuia upepo, mkatandike majani makavu mengi, kwani ardhi hunyonya joto la mwili.

Kisha kila mmoja akaenda kujichagulia maficho. Saa tisa nilipiga filimbi. Wakatoka saba. Wa nane, kijana wa miaka 13, hakutoka. Tuliita hata sauti zikatukauka, nami nikawaza nitamwambia nini mama yake. Karibu na magharibi tukamkuta amelala chini ya kichaka tulichokwisha kukipita mara mbili.

Akaniuliza, “Maalim, nilichagua vibaya?”

“Hukukosea, mwanangu,” nikamjibu. “Nimekosea mimi.” Masharti yote niliyowafundisha alikuwa ameyatimiza. Nilisahau kuwafundisha kuacha alama.

Tuliporudi nililikumbuka pango la Thaur, lililotajwa katika Sura ya Tawba, Aya ya 40. Mwaka 622 Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walielekea kusini ya Makka, ilhali Madina iko kaskazini, wakakaa pangoni siku tatu. Adui hawakuwapata. Lakini Abdallah, mwana wa Abubakar, aliwaletea habari usiku. Dada yake Asmaa aliwaandalia chakula. Na Amir bin Fuhaira alipitisha kondoo na mbuzi juu ya nyayo ili zifutike. Pango lile lilifichika kwa adui, wala halikufichika kwa watu wao.

Basi, ewe kijana, kabla ya kuingia porini waambie wa nyumbani uendako na saa ya kurudi. Chukua filimbi. Ukijisitiri, funga kitambaa cheupe juu ya tawi, mahali pa kuonekana. Nasi wazee na walimu tusichoke kuuliza, “Unakwenda wapi?” Swali hilo vijana huliona zito, lakini siku ya kupotea ndilo litakalotufikisha kwao. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.