IST ya shule kwenye mbio za vumbi

Mama watoto alikubali kwa sharti moja: Jumatatu gari liwe zima, watoto wapelekwe shule. Ni Toyota IST, inayovutwa na matairi ya mbele, ile ile inayobeba ndizi zetu kutoka soko la Tengeru.

Vijana walipanga koni kwenye uwanja wa vumbi. Gari moja moja, kofia ngumu lazima. Babu yangu alikuwa akisimulia Safari Rally ya 1953 iliyopita hadi Tanganyika, basi na mimi damu ikachemka.

Kona ya kwanza niliingia kwa kasi, nikakata usukani. Gari likakataa, likaenda moja kwa moja na kulala juu ya koni mbili. Msimamizi akanieleza: matairi ya mbele yanavuta na kukata kona kwa pamoja, ukiyazidishia yanateleza. Punguza mwendo kabla ya kona. Mzunguko wa tatu nikaweza.

Nilishuka nacheka. Binti yetu wa miaka tisa hakucheka.

"Baba, si ndivyo lilivyofanya masika, tukaingia mtaroni?"

Siku ile nilimwambia mama yake kwamba kosa ni la tope. Akanitazama. Nikampa funguo. Aliendesha yeye hadi nyumbani, polepole, nami sikusema neno.