Kazi Imekwisha, ila Haijengeki

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilikuwa Mbagala Rangi Tatu, katika chumba cha kupanga cha wanafunzi wangu wawili. Kesho yake tulipaswa kukabidhi programu ya kumbukumbu za wagonjwa kwa zahanati moja ya jirani. Kompyuta ya awali ilikuwa imeharibika, ikabidi programu ijengwe upya kwenye nyingine. Msimbo wote tulikuwa nao kwenye flashi. Hata hivyo, kila tulipoamuru ujenzi uanze, ulikwama.

"Mwalimu, kazi tumeimaliza," alisema mmoja wao, "ila haijengeki."

Nilidhani ninajua tunachokitegemea. Orodha yetu ilikuwa na vifurushi 15 (sisemi vya bando, ingawa navyo siku hiyo havikufaa kitu). Lakini kila kifurushi kiliita vingine, navyo vikaita vingine, hadi vikafikia mamia, vyote vikisubiri kupakuliwa kutoka seva za ng'ambo. Hatukuwa tumehifadhi nakala hata moja.

Mtandao uliporudi kwa kusuasua, programu ilijengeka, na hapo ndipo balaa la pili lilipojitokeza: tarehe za kliniki zilisomeka kinyume, mwezi mahali pa siku. Kifurushi kimoja kilikuwa kimekuja katika toleo jipya. Lipo faili linalofunga matoleo, ili kinachojengwa leo kiwe kilekile kilichojengwa mwaka jana. Wanafunzi walikuwa wamelifuta. Ni mimi niliyewaambia kuwa ni takataka za mashine.

Machi 2016, Azer Koçulu, akiwa katika mgogoro wa jina la kifurushi chake kingine, aliondoa kazi zake kwenye ghala la npm. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa maneno. Ujenzi wa programu ukakwama duniani kote kwa saa kadhaa, kwa kuwa Babel ilikitegemea, na wengi walioitumia Babel hawakuwahi hata kukisikia.

Azimio la Arusha la 1967 lilitupa neno kujitegemea, nasi walimu tunalitamka kwa wepesi mno. Sidhani linatutaka tuandike kila mstari wenyewe. Huo ungekuwa upuuzi. Lakini ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, mnapopokea mfumo kutoka kwa mkandarasi, mnadai msimbo na mwongozo wa mtumiaji. Daini pia orodha ya kila kifurushi na toleo lake, na nakala zake kwenye seva yenu. Kisha chomoeni waya wa intaneti, mmwambie aujenge mbele yenu.

Muhula huu nasahihisha kazi za wanafunzi kwa namna hiyo. Wananung'unika. Zahanati ile tuliikabidhi programu siku ya Ijumaa. Siku zote hizo muuguzi aliandika kwenye daftari la kaunta, na alipotupokea akauliza kama sasa alitupe. Nilimwomba aendelee nalo.