Vazi la Kwenda Kuwaona Tembo Yatima

Mtu akialikwa arusini huuliza: «Nivae nini?» Lakini akiitwa kwenye matanga haulizi, maana anajua. Haendi na nguo ya kung'aa wala manukato makali. Huchukua kitenge cha kila siku, akaenda kukaa pamoja na wafiwa. Basi, hilo ndilo shauri letu kwa jamaa watakaofika Nairobi, katika nchi ya Kenya, wakitaka kuwatazama tembo yatima. Wengi hujitayarisha kama watu wa arusi, kumbe pahali pale ni nyumba ya wafiwa.

Nyumba hiyo imo ndani ya mbuga ya taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, kando kabisa ya mji. Shirika linaloitunza lilianzishwa mwaka 1977 na Bibi Daphne Sheldrick, kwa ukumbusho wa mume wake David, aliyekuwa mkuu wa ulinzi katika mbuga ya Tsavo na ambaye alifariki mwaka ule. Huletwa hapo ndama wa tembo waliobaki bila mama. Pengine mama ameuawa na wawindaji wa pembe, pengine ukame umemmaliza, pengine ndama ametumbukia kisimani na wenziwe wameshindwa kumtoa. Wageni hupokewa kwa muda wa saa moja tu, toka saa tano ya asubuhi hata saa sita ya mchana, nao hujiandikisha kabla ya siku yenyewe.

Tuanze na mambo ya mwili. Watu wa nchi za joto hudhani Kenya yote ni jua. Lakini Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na toka Juni hata Agosti asubuhi zake ni za baridi: chukueni sweta. Toka Machi hata Mei ni masika, na mvua fupi hurudi Oktoba: chukueni koti la mvua na viatu vya kufunga vilivyo imara, maana utelezi haumheshimu mtu. Kofia pia ni ya lazima, kwa kuwa mtasimama kwenye kamba jua likiwa juu ya utosi. Maji yatieni katika chupa ya bati, na vitu vyenu katika mfuko wa nguo. Kenya ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2017, na tangu mwaka 2020 hata chupa za plastiki za kutupwa hazikubaliwi mbugani. Tena, atokaye Kongo asisahau karatasi ya chanjo ya homa ya manjano. Hiyo isipoonyeshwa mpakani, safari inaweza kuishia hapo.

Sasa nguo. Vaeni ile isiyowaumiza roho ikichafuka. Ndama hawa huoga tope, hurusha udongo mgongoni, kisha hupita karibu na kamba wakijisugua popote. Nilimwona kijana mmoja aliyekuja na suti nyeupe, apate picha nzuri ya kuwapelekea rafiki zake. Ndama mmoja alipita, akamwachia tope toka bega hata goti. Kijana akapiga ukelele, na ndama akashtuka, akakimbilia mguuni pa mlezi wake. Muda wote uliobaki yule kijana alikuwa akipangusa suti. Maziwa yalipoletwa, hakuona kitu. Alisafiri kuwatazama tembo, akaishia kutazama nguo yake.

Lakini afadhali mgeni ayaache mavazi yake, atazame ya wenyeji. Walezi huvaa makoti ya kijani. Jua linapokuwa kali, humshikia ndama mchanga mwavuli, kwa sababu porini kivuli chake ni tumbo la mama yake. Usiku wa baridi humfunika blanketi. Tena blanketi lina kazi nyingine ya ajabu: hutundikwa, naye ndama huegemeza mkonga wake juu yake anaponyonya chupa, kana kwamba ni ubavu wa mama.

Elimu hiyo ilipatikana kwa machozi. Mwaka 1974 Bibi Daphne alimlea ndama mchanga, jina lake Aisha, kwa maziwa yaliyotiwa mafuta ya nazi. Aisha akastawi, akampenda mlezi wake huyo mmoja. Baada ya miezi michache Bibi akaenda Nairobi kwenye arusi ya binti yake. Ndama akadhani amefiwa na mama mara ya pili. Akakataa kula, akafa. Tangu hapo walezi hupokezana zamu, hata katika kulala na ndama usiku, ili moyo wa yatima usitegemee mtu mmoja peke yake.

Ndiyo sababu yako mambo ya kuacha nyumbani: kelele, chakula cha kuwatupia wanyama, na zaidi ya yote bangili au mkufu wa pembe, hata kama ni urithi wa bibi. Katika mbuga hiyohiyo serikali ya Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016, ili ulimwengu ujue kwamba pembe haina thamani ila kinywani mwa tembo mwenyewe. Nasi tusidhani ni habari za wageni. Garamba yetu ilikuwa na tembo zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970. Leo hawafiki hata 2,000. Pembe huvaliwa mkononi mwa mtu, na yatima hubaki porini.

Wazazi, mkiwapeleka watoto wenu kule, wavisheni nguo za kazi. Wafundisheni kusimama kimya. Na wakirudi na tope kidogo kwenye mikono ya mashati, msiwakemee. Aendaye matangani na kuketi chini pamoja na wafiwa hurudi na vumbi, na vumbi hilo si aibu.