Jicho la Kamera Mwaloni

Mshairi hufungwa na mizani. Katika shairi la kawaida hupewa mizani 16 kwa kila mshororo, na linalozidi hana budi kuliacha. Mpiga picha za sinema naye hufungwa na fremu yake: kipande kidogo cha dunia huingia ndani, na dunia yote iliyobaki hukaa nje. Kwa hiyo mwanafunzi anayetengeneza filamu na ajiulize kwanza anaacha nini nje, na kwa haki gani.

Sisi wa Mwanza twalijua vema jambo hili. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, iliyopigwa hapa kwetu juu ya biashara ya sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Ilisifiwa Ulaya, na mwaka 2006 ikawania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imelipaka taifa matope. Ubishi mkubwa ulihusu picha za mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa viwandani. Je, hicho ndicho chakula cha watu wa ziwa? Wapinzani wa filamu walijibu kwamba sehemu kubwa huishia kuwa chakula cha mifugo.

Sisemi umaskini ufichwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasema kwamba picha ya karibu iliyotengwa na mazingira yake ni kama mshororo uliong'olewa katika ubeti: maneno ni yaleyale, maana siyo ile.

Tuchukue mfano wa vijana wanaotaka kuonyesha kazi ya akina mama wa dagaa katika mwalo wa Kirumba. Picha ya mbali itangulie: mitumbwi ikirejea alfajiri, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, mwezi usipoangaza. Ifuate picha ya wastani: mama akianika dagaa mchangani au juu ya chanja, mtu na kazi yake pamoja. Ndipo ije ya karibu: mikono inayogeuza dagaa, na jicho linalotazama mawingu, maana mvua ikiwahi kabla hawajakauka, jasho la siku nzima hupotea. Hapo picha ya karibu imepata sababu yake.

Mama akiwa ameinama, mpiga picha naye ainame. Kamera inayomtazama kutoka juu humdunisha. Apige hodi kwanza, kama apigavyo mlangoni. Tena ajihadhari na uzuri. Machweo nyuma ya Jiwe la Bismarck humvutia kila mwenye kamera, lakini mtu akisimama mbele ya mwanga ule, uso wake hugeuka kivuli kitupu. Ziwa limependeza, mwenye ziwa hayumo.

Walimu wanaosimamia kazi hizi wana kipimo chepesi. Filamu ikiisha, ionyeshwe kwanza palepale mwaloni. Picha ambayo mama yule hawezi kuitazama mbele ya jirani zake na kusema, "Hii ndiyo kazi yangu," haijastahili kuvuka ziwa.